Mstari wa Jumatatu ya Kwanza

Dada yangu anafuga majongoo mia mbili na kumi, na mtaani kwetu hakuna asiyelijua hilo. Watoto wanamwita Mama Jongoo. Yeye haoni ubaya wowote. Anayeona ubaya ni mimi, kwa sababu mteja akishakaa kwenye kiti changu na kufungwa kitambaa shingoni, swali lake la kwanza si la mtindo. Anauliza, "Hivi ni kweli dada yako alisoma miaka yote ile akaishia kwa majongoo?" Mimi ni kinyozi. Nina wembe mkononi, shingo yake iko wazi, na bado anathubutu kuuliza.

Basi niseme mara moja, nisiulizwe tena. Dada ni mtafiti wa seli, na swali analolifanyia kazi alianza nalo akiwa na miaka saba. Nyumbani walimwita Kwanini. Baba akisema kalale, kwanini. Mama akisema usishike, kwanini, na wakati huo ameshashika. Siku moja alimkuta mnyoo akijipenyeza kwenye tundu la karo, amejivuta mpaka amekuwa mwembamba kama uzi, na hakukatika. Siku hiyohiyo kamba ya ndala yake ilikatika akiwa anatembea tu. Alikuja kwa mama na ndala mkono mmoja na mnyoo mkono wa pili, anataka kuelezwa. Mama alipiga kelele, mimi nikachapwa kwa kucheka, na swali likabaki bila jibu.

Nilivyoelewa mimi, na nimeeleweshwa mara nyingi huku nikimnyoa, mwili wa kila kiumbe umejengwa kwa seli, vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho, laini kama ute wa yai. Ili visichanike mwili unapovutwa au kukwaruzwa, ndani yake kuna nyuzi, mfano wa nondo ndani ya nguzo ya zege. Nyuzi hizo ni protini za ukoo mmoja mkubwa. Sisi tunazo. Konokono anazo, mnyoo anazo, ingawa hawana uti wa mgongo. Lakini wadudu na jamaa zao wenye miguu ya pingili, vitabu alivyosomea dada vilisema wanazo kwenye kiini cha seli tu. Sehemu nyingine yote ya seli, hamna.

Dada akasoma hayo, na ugonjwa wa utotoni ukamrudia. Jongoo, alisema, anakula miti iliyooza pamoja na mchanga wake. Utumbo wake unakwaruzwa kutwa kucha. Kwanini hauchaniki? Ama vitabu havikutafuta vizuri, ama kuna kitu kingine. Miaka sita sasa anatafuta hizo nyuzi kwenye utumbo wa jongoo.

Ukoo huohuo wa protini ndio unaotengeneza nywele na ngozi ya juu. "Wewe na mimi kazi yetu moja," aliniambia zamani. "Wewe unazikata, mimi nazitafuta." Nikamjibu kwamba tofauti yetu ni moja: mimi nikifunga duka naona nilichofanya. Nilijuta kabla sijamaliza kutamka.

Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, duka likiwa limefungwa, namnyoa yeye peke yake, saa moja asubuhi, kabla hajaenda kazini. Anataka fupi kabisa. Si kwa urembo. Unywele mmoja ukianguka kwenye sahani ya kazi, anasema, siku nzima imeharibika, na nywele fupi hazianguki. Nikimaliza nampangusa shingo kwa brashi, anavaa miwani, anaondoka bila hata kujitazama kwenye kioo. Tarehe hiyo huizungushia duara jekundu kwenye kalenda ya ukutani, maana Jumatatu bila duara ningelala mpaka adhuhuri.

Kazi yenyewe nimeisimuliwa mpaka ningeweza kuifundisha. Anampasua jongoo chini ya hadubini, anatoa utumbo mwembamba kama kamba ya kiatu, anausafisha kwenye sahani ya kioo. Anausaga kwenye barafu, anauchemsha, kisha anaupitisha kwenye jeli yenye umeme. Protini nyepesi zinakimbia mbele, nzito zinabaki nyuma. Zikishatengana anazihamishia kwenye karatasi laini na kuimwagia dawa inayoshika nyuzi za ukoo ule za nje ya kiini tu. Dawa ikishika, unatokea mstari. Kila karatasi ina safu tatu. Ya kwanza ni ya konokono, ambaye lazima atoe mstari, ndipo ujue dawa ni nzima. Ya pili ni ya mrija mtupu usio na mnyama, ambao lazima usitoe kitu, ndipo ujue vyombo ni safi. Ya tatu ni ya jongoo.

Mwaka wa tatu safu ya jongoo ilitoa mstari. Dada alinipigia simu akicheka na kulia kwa pamoja, nami nikamwacha mteja na nusu ya kichwa nikatoka nje kumsikiliza. Akarudia jaribio, hakuna kitu. Akarudia tena, hakuna. Mara ya nne, mstari huo hapo! Mpaka mwaka huu amelirudia mara thelathini na moja, na mstari umetokea mara tisa. Konokono kila mara yupo, mrija mtupu kila mara ni mtupu. Hapo ndipo usingizi ulipomwisha dada yangu. Labda nyuzi zinakuja jongoo anapojivua gamba. Labda kwa majike tu. Labda ni chakula. Kuna msimu alipima mvua kwa ndoo kila asubuhi akalinganisha na mistari, na jirani mmoja akaniuliza kwa upole kama familia yetu ina historia ya matatizo.

Sasa, mkuu wa idara yake ni mtu mpole anayesema mambo magumu kwa sauti ya kubembeleza. Alimpa mpaka kikao cha mwisho wa mwezi. Chumba cha dada kilikuwa kinatakiwa na watu wa kupima maji. Akileta jambo la kueleweka, atabaki na chumba na majongoo wake. Asipoleta, majongoo watarudishwa porini naye atapewa vipindi vya kufundisha mpaka astaafu. Dada alikuwa na picha tisa za ile mistari na akaamua kwenda nazo. Picha tisa, alisema, si bahati.

Jumanne moja jioni, siku tisa kabla ya kikao, alipita kwangu, akaondoka na miwani ya mke wangu akaiacha yake mezani. Kesho yake nikampelekea. Miaka yote hiyo sikuwahi kuingia chumbani mwake. Kilinuka udongo uliolowa mvua. Ukuta mzima ulikuwa na beseni zilizofunikwa wavu, friji ilikuwa na tangazo la kukataza kuweka chakula, na bomba lilidondoka tone moja moja ndani ya kikombe alichokitega. Dada alikuwa ameinama juu ya hadubini, kichwa chake kimeifunika sahani kama kuku aliyelalia mayai, na miwani ya mke wangu imepanda mpaka kwenye paji la uso.

"Umekuja wakati mzuri," alisema bila kuinuka. "Wewe hujui lolote, ndiyo maana nakuuliza."

"Asante, dada."

"Usinune. Sisi tunaojua tumekwisha kupofuka. Tazama hapa uniambie unaona nini."

Akafungua daftari. Picha tisa alikuwa amezibandika ukurasa mmoja, kila moja na tarehe ya kumpasua jongoo juu. Yeye alitaka nitazame mistari. Mimi nikatazama tarehe, kwa sababu ndizo nilizoweza kusoma. Tarehe nne. Tarehe mbili. Tarehe sita. Tarehe moja. Zote ziliangukia ndani ya siku saba za mwanzo wa mwezi, isipokuwa moja, ya kumi na moja. Kalenda yangu ikanijia akilini, nikazinakili zote kiganjani kwa siri.

"Naona mistari," nikasema.

"Hilo hata jongoo angeniambia," alisema dada, akarudi kwenye hadubini yake.

Kalenda za zamani huwa sizitupi. Nimezibandika ukuta wa nyuma wa duka kuziba nyufa. Mchana huo nilifunga mlango nikasimama mbele ya ukuta ule na tarehe nilizoziandika kiganjani. Duara jekundu, duara jekundu, duara jekundu. Nane kati ya tisa zilikuwa Jumatatu zake. Nikajipa moyo na ile ya kumi na moja, maana ilikuwa Alhamisi. Halafu nikaona kwamba mwezi ule duara la tarehe moja nilikuwa nimelifuta kwa kalamu na kulichora upya Alhamisi ya wiki iliyofuata. Nilikumbuka. Mgongo ulikuwa umenibana, nikalala siku kumi, na nilipoinuka mteja wangu wa kwanza alikuwa dada.

Sikuweza kula. Mke wangu aliuliza nina nini, nikamwambia yote. Yeye husema moja kwa moja. "Utamwambia kesho," alisema. "Akishasimama mbele ya watu wake halafu mwingine akaja kuligundua, utamtazama kwa macho gani?"

"Nikimwambia anapoteza chumba."

"Usipomwambia atakipoteza baadaye, na jina pamoja."

Asubuhi nikazibandua kalenda tatu ukutani, zikatoka na chokaa nyuma, nikazikunja kwenda nazo maabara. Dada alidhani nimekuja kuomba jongoo wa kuwaonyesha wateja. Nilizitandaza mezani kando ya daftari lake, nikaweka kidole kwenye kila duara mpaka nikafika ile Alhamisi.

Alizitazama muda mrefu. Kisha akatikisa kichwa. "Haiwezekani. Mrija mtupu ni safi kila siku. Kama ni uchafu wangu, ungeonekana na kule."

"Dada, ule mrija mtupu unauinamia?"

Aligeuka akaitazama hadubini.

"Jongoo unamwinamia muda gani?"

"Saa mbili," alisema kwa sauti ndogo. "Wakati mwingine tatu." Halafu akajikaza. "Lakini nywele fupi hazianguki. Ndiyo maana nanyoa."

"Mimi ni kinyozi, hapo usibishane nami. Nywele ndefu huanguka unywele mmoja mmoja, na ukianguka unauona. Aliyenyolewa leo anabeba vumbi. Vipande vidogo kuliko chumvi, na ngozi kavu ya kichwa humohumo. Brashi yangu inatoa nusu. Iliyobaki inadondoka siku nzima, kila akiinamisha kichwa. Waulize wateja wangu kwanini wakifika nyumbani wanaoga."

Dada alikaa kwenye stuli. Akavua miwani. Machozi yalimtoka bila sauti, na mimi kaka mtu mzima nikasimama pale nimeshika kalenda iliyojaa chokaa, natamani anitukane. Kwa mikono yangu mwenyewe nilikuwa nimempa furaha ile, tena mara tisa, na sasa nilikuwa nimekuja kuinyang'anya. Tone la bomba likadondoka kikombeni, likadondoka jingine.

"Kinyozi hajinyoi," alisema mwishowe. "Nimechunguza mvua. Nimechunguza mwezi angani. Kichwa changu sikukichunguza."

"Nani mwingine anajua?" aliniuliza baadaye kidogo.

"Mke wangu."

"Kikao ni Alhamisi ijayo. Ningeweza kwenda na picha zangu."

"Ungeweza."

"Na wewe ungejua."

"Ningejua, dada."

Alijifuta uso kwa mkono wa koti jeupe. Nilikuwa natafuta neno la kumfariji nilipomwona amevuta karatasi na kalamu. "Hivyo vipande," alisema, "vina ukubwa gani hasa? Na vinaendelea kudondoka mpaka siku ya ngapi?" Nikajua hajafa moyo.

Tukaenda dukani saa ileile, nikawaambia watu wawili waliokuwa wananisubiri warudi mchana. Nikachukua mashine, akaisukuma kando. "Wembe," alisema. "Zote. Na utakachonyoa nitakiweka kwenye bahasha." Nilipaka povu kichwa cha dada yangu kwa mara ya kwanza maishani. Lilikuwa jambo la ajabu kuona umbo lake, bonge dogo nyuma ya sikio, kovu la siku tuliyoanguka kwenye ngazi pamoja. Nilinyoa taratibu, nikamwosha mara tatu. Alijitazama kwenye kioo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Wakininyang'anya chumba," alisema, "nitazifuga mpaka mgongoni. Hutazigusa tena."

"Ukae nazo," nikamwambia, nikausuuza wembe.

Ijumaa alipasua jongoo mpya, kichwa kitupu, na juu yake kofia ya plastiki ya kuogea. Jumatatu akaniita nikaone majibu. "Njoo uone kazi ya mikono yako," ndivyo alivyoniambia kwenye simu. Safari hii karatasi ilikuwa na safu nne, kwa sababu alikuwa ameongeza mrija wenye chembe za bahasha peke yake, bila mnyama. Karatasi ilikuwa kwenye sinia ndogo, akiiyumbisha polepole huku na huku. Tulisimama bega kwa bega tukiinama, kisha akanisukuma nyuma kwa kiwiko. "Wewe una nywele."

Konokono ndiye aliyeanza. Mstari wake ulijitokeza kama alama ya penseli, ukakolea. Mrija mtupu ukabaki mtupu. Kisha safu ya bahasha ikatoa mstari mpana, mweusi, usio na haya hata kidogo. Dada akachukua moja ya picha zake tisa akailaza kando. Urefu uleule, mahali palepale.

Safu ya jongoo tuliisubiri. Nilijikuta namwomba yule jongoo kimoyomoyo, atoe chochote, hata kivuli. Dada alitazama saa, akatazama sinia, akatazama saa.

"Unaona nini?" aliniuliza.

"Sioni kitu."

"Hata mimi."

Nilidhani atalia tena. Alibaki ameinama na kofia yake ya kuogea. Halafu akasema polepole, kama anayesoma maandishi madogo, "Kwa hiyo hana. Angalau kwenye utumbo, angalau kwa dawa hii. Hana." Akainuka. "Mdogo wangu, anakula mchanga kila siku ya maisha yake, na hana. Sasa ni nini kinachomshikilia?"

"Mimi naulizwa?"

"Nani mwingine yupo humu?"

Nikamwuliza atasema nini kikaoni. Akasema atasema yote, kuanzia kalenda. Nikamwambia watamcheka. "Wacheke," alisema. "Mficha uchi hazai. Nikificha hili, swali la pili siwezi kuliuliza hadharani, na la pili ni tamu kuliko la kwanza." Alikuwa anaziandika tarehe kwenye daftari huku akisema, na kwenye safu ya maelezo, mbele ya kila picha kati ya zile tisa, aliandika neno moja: nywele.

Alhamisi ikaja, ikapita. Nilimtumia ujumbe saa sita, hakujibu. Nilimpigia jioni, simu ikaita mpaka ikakata. Ijumaa hivyohivyo. Jumamosi nilimkata mteja sikio, kidogo tu, lakini miaka kumi na tisa sijawahi kumkata mtu. Jumapili mke wangu aliniambia niache kumsumbua, Jumatatu ya kwanza ni kesho, na kama bado ana kaka atakuja.

Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa nimeshafungua mlango. Nikapanga kitambaa, brashi, mkasi, wembe. Saa moja kamili akaingia, kitambaa cheupe kichwani, uso wake kama ukuta. Nilimwamkia, akaitikia. Akakaa. Akakivua kitambaa, na nywele zake zilikuwa zimeota urefu wa punje ya mchele, nyeusi, na mvi mbili tatu ambazo hakuna aliyewahi kuzipa nafasi ya kuonekana.

"Nilisema yote," alianza, akinitazama kwenye kioo. "Nikawaonyesha na kalenda zako. Chokaa ikamwagika juu ya meza yao. Mkuu akaniuliza kwa ile sauti yake, 'Kwa hiyo, Daktari, kwa miaka sita umegundua nywele zako mwenyewe?' Wakacheka wote. Nikacheka na mimi, maana ni kweli."

"Halafu?"

"Halafu akafunga faili. Akavua miwani, akasema kikao kimekwisha, wakaanza kuinuka. Yeye hakuinuka. Alikuwa anaitazama ile picha ya mwisho, ile safu tupu. Akasema, 'Lakini ngoja kwanza. Kama hana, ule utumbo unashikiliwa na nini?' Nikamwambia sijui. Akaniambia nikae. Wakakaa tena wote. Yule wa kupima maji akasema labda ni lile ganda la ndani ya utumbo, nikamwambia sehemu ya katikati haina ganda. Mwingine akasema labda nyuzi za ukoo mwingine kabisa. Tulitoka pale jua limezama, na hakuna aliyekubaliana na mwenzake."

Nilimfunga kitambaa shingoni, nikakaza, nikalegeza. Siku nne nilikuwa nimebeba swali moja.

"Na chumba, dada?"

Alipitisha kiganja juu ya kichwa chake, mbele mpaka nyuma, akizipima zile nywele fupi kana kwamba ni za mtu mwingine. Kwenye meza mkasi na wembe vilikuwa vimelala sambamba.

"Chukua wembe," alisema. "Nina jongoo saa mbili."